Jedwali lisilo na chumba cha saba: kisa cha karani wa mpakani na utabiri wa mabao

Mwenye kisa hiki namfahamu vizuri, naye ameridhia kiandikwe. Nimemwita M. Jina la mji, la ofisi yake na la kampuni aliyobeti nayo nimeyaondoa. Hesabu za fedha nimeziacha zilivyokuwa, kwa sababu bila hizo kisa hakifundishi kitu.

## Usuli

M. alikuwa na miaka 34, karani wa wakala wa forodha katika mji mmoja wa mpakani mashariki mwa Uganda. Kutwa alizungumza Kiswahili na madereva waliotoka Mombasa, na Excel aliijua kwa sababu ya kazi: uzito wa mizigo, namba za magari, ushuru. Kisheria hakuwa na tatizo la kubeti. Sheria ya Uganda ya 2016 inayosimamia bahati nasibu na michezo ya kubahatisha inakataza aliye chini ya miaka 25, naye alishaupita umri huo.

Katikati ya 2020 kazi yake iligeuka kuwa ya kusubiri. Madereva walipimwa korona mpakani, na lori halikusogea mpaka majibu yatoke. M. alikaa mbele ya kompyuta, makaratasi yamekwisha kujazwa, akingoja simu ya dereva aliye kwenye foleni. Siku zote alikuwa akibeti shilingi 2,000 au 5,000 mwisho wa wiki, akifuata maneno ya mafundi wa kibanda cha kutazamia mpira. Ndipo akajiuliza kwa nini kazi ya ofisini anaifanya kwa hesabu na mpira anaufanya kwa masikio.

Mimi hufundisha matumizi ya kompyuta jioni, naye aliwahi kuwa mwanafunzi wangu. Alinijia na swali moja: ipo fomula ya kukadiria mabao? Nikamwonyesha.

## Jedwali lilivyojengwa

Kwanza ilibidi achague ligi. Ligi ya Uganda aliipenda zaidi, lakini msimu wa 2019/20 ulikatishwa na korona, Vipers wakatangazwa mabingwa mechi zikiwa hazijaisha, na kukusanya matokeo yote ya nyuma mahali pamoja kulimshinda. Ligi Kuu ya Uingereza ina timu 20 na mechi 380 kwa msimu, na kila tokeo linapatikana. Akaingiza kwa vidole vyake misimu ya 2018/19 na 2019/20, mistari 760, akisoma kwenye simu na kuandika kwenye kompyuta. Kazi hiyo ilimchukua wiki tatu.

Kutoka hapo akapata wastani wa ligi: timu ya nyumbani ilifunga mabao 1.54 kwa mechi, ya ugenini 1.23. Kisha nguvu ya kila timu. Kwa mfano, Liverpool nyumbani walifunga mabao 55 msimu wa kwanza na 52 msimu wa pili, jumla 107 katika mechi 38, sawa na 2.82 kwa mechi. Gawanya kwa 1.54 unapata 1.83: wakiwa Anfield walifunga asilimia 83 zaidi ya timu ya wastani. Hesabu ya aina hiyo hiyo ikafanywa kwa ulinzi. Ukizidisha nguvu ya mshambuliaji, udhaifu wa mlinzi na wastani wa ligi, unapata mabao yanayotarajiwa.

Baada ya hapo huja kanuni ya Poisson, Mfaransa aliyeiandika 1837. Ukiipa wastani, inakupa uwezekano wa kila idadi ya matukio: 0, 1, 2 na kuendelea. Inaufaa mpira wa miguu kwa sababu mabao ni machache na huja bila ratiba. Tuseme nyumbani wanatarajiwa kufunga 1.5 na wageni 1.2. Nyumbani kutofunga kabisa ni asilimia 22, kufunga 1 ni 33, kufunga 2 ni 25. Wageni kutofunga ni 30, kufunga 1 ni 36. Zidisha kila moja na kila moja, unapata jedwali la matokeo yote. M. aliweka 0 hadi 6 kila upande: seli 49, zilizopakwa kijani kibichi kadiri uwezekano unavyopanda.

Katika mfano huo, tokeo linaloongoza ni 1–1, nalo lina asilimia 12 tu. Maana yake, ukiwa na jedwali lililo sahihi kabisa na ukachagua tokeo bora kuliko yote, bado utakosea mara 88 katika mechi 100. Namba hiyo niliiona Agosti, kabla shilingi moja haijawekwa. Nilifikiri M. ameiona pia. Yeye alichoona ni kwamba seli ile ndiyo ya kijani zaidi.

Leeds na West Brom walikuwa wamepanda daraja na hawakuwamo kwenye misimu yake miwili. Akawapa nguvu ya 1.00, yaani timu ya wastani, akaendelea.

## Msimu ulivyokwenda

Alijiwekea shilingi 20,000 kwa wiki, zote kwenye mkeka mmoja (dau moja la mechi kadhaa, linalolipa zikitimia zote) wa mechi 4 au 5, akichagua zile ambazo jedwali lilitoa mshindi mwenye zaidi ya asilimia 50. Sababu yake ilikuwa ya wazi: mechi moja ya timu kubwa hailipi, mkeka unalipa.

Siku ya kwanza ya msimu, 12 Septemba 2020, Leeds wa "wastani" walikwenda Anfield na kufunga mabao 3, wakipoteza 4–3. Wiki iliyofuata wakaifunga Fulham 4–3. Tarehe 4 Oktoba Aston Villa wakaipiga Liverpool 7–2. Usiku ule M. alinipigia simu: "Mwalimu, jedwali langu halina chumba cha saba." Kesho yake aliliongeza mpaka 10 kila upande, akaamini amelitengeneza.

Nadhani hapa ndipo alipopotea kweli, ingawa hakuna pesa nyingi iliyopotea siku hiyo. Kosa dogo linaloonekana kwa macho humpa mtu kazi ya kufanya, naye akiimaliza anahisi ametibu ugonjwa. Wakati huo viwanja vilikuwa vitupu, bila mashabiki, na jedwali lilikuwa bado linaipa kila timu ya nyumbani faida ya miaka ya mashabiki. Tarehe 17 Oktoba Virgil van Dijk, beki wa Liverpool, akaumia goti dhidi ya Everton. Jedwali halina seli ya goti.

Isitoshe, M. hakuwa akiingiza matokeo mapya. Nilipomuuliza baadaye kwa nini, alisema misimu miwili kamili ina uzito kuliko mechi chache za sasa. Si hoja ya kipumbavu, ila ilihitaji kupimwa, na haikupimwa.

Mikeka miwili ilitiki, mmoja Oktoba na mmoja Novemba. Baada ya wa pili akaanza kuongeza dau katikati ya wiki.

Kisha ikaja Januari. Uchaguzi mkuu ulifanyika Alhamisi tarehe 14, na intaneti ya nchi nzima ilizimwa kuanzia jioni ya tarehe 13 hadi Jumatatu tarehe 18. Jumapili ya tarehe 17 Liverpool walitoka 0–0 na Manchester United hapo hapo Anfield, M. alisikia redioni. Ilikuwa mechi ya tatu mfululizo ya ligi Liverpool hawajafunga hata bao 1. Intaneti iliporudi, mtu aliyekaa siku tano bila mchezo wake alikuwa na hamu, na raundi ya katikati ya wiki ilianza kesho yake.

Mkeka wake ulikuwa na mechi nne: West Ham waifunge West Brom, Manchester City waifunge Aston Villa, Manchester United waifunge Fulham, Liverpool waifunge Burnley. Odi zote zikizidishana zilifika 4.1, yaani kila shilingi ingerudi ikiwa 4 na ushei. Aliweka 200,000. Pesa hiyo ilikuwa mchango wake wa chama, wa kupelekwa Jumamosi.

Jumanne West Ham walishinda 2–1. Jumatano City wakashinda 2–0 na United 2–1. Ikabaki Alhamisi tarehe 21, saa tano usiku kwa saa za Uganda. Amri ya kutotoka nje usiku ilikuwa ingali ikitekelezwa, kibanda kimefungwa, kwa hiyo M. alikuwa sebuleni na simu, mama watoto amelala. Jedwali liliipa Liverpool karibu mabao 3, na uwezekano wa kutofunga kabisa ulikuwa kama asilimia 5. Liverpool hawakuwa wamepoteza mechi ya ligi Anfield katika mechi 68. Dakika ya 83 Burnley walipata penalti, Ashley Barnes akafunga, na mpira ukaisha 0–1.

## Jioni ya kusoma jumbe

Ijumaa alikuja na faili kwenye flashi. Nilimwomba kwanza aandike kwenye karatasi kiasi anachodhani amepoteza tangu Septemba. Akaandika 120,000 nje ya zile 200,000.

Tukafungua jumbe za pesa kwenye simu yake. Yeye akisoma, mimi nikiandika: tarehe, kiasi, kuingia au kutoka. Jumbe za kupeleka pesa kwenye kampuni zilikuwa 41. Za kutoa zilikuwa 6. Alipofika kwenye Desemba sauti yake ilishuka, na kuna jumbe tatu za usiku mmoja alizozisoma haraka nikamwomba arudie. Jumla iliyoingia ilikuwa 685,000. Iliyotoka, 310,000. Pengo, 375,000, wakati kwa makadirio yake mwenyewe lilikuwa 320,000 pamoja na zile za Alhamisi.

Kichwa chake hakikumdanganya kwa makusudi. Ushindi mwingi haukutolewa kamwe, ulibaki kwenye akaunti ya kampuni ukachezwa tena ukaisha. Yeye aliuhesabu kama ushindi, simu haikuuona. Faili lake lilikuwa na ukurasa wa matokeo, wa nguvu na wa utabiri. Ukurasa wa kumbukumbu, unaosema nilitabiri nini na ikawa nini, haukuwemo.

Kisha nikamwomba azidishe. Kwenye jedwali lake West Ham walikuwa na asilimia 58, City 79, United 61, Liverpool 86. Aliziona seli nne za kijani, kila moja juu ya 50. Hakuwahi kuzizidisha pamoja. Tulipozizidisha zilitoa asilimia 24. Zidisha 0.24 na odi ya 4.1, unapata 0.98. Chini ya 1. Yaani kwa namba zake mwenyewe, kabla hata ya kutilia shaka jedwali, mkeka ule ulikuwa wa hasara. Alikaa akiitazama ile 0.98 muda mrefu kuliko alivyoitazama ile 375,000.

## Maamuzi ya kujenga upya

Tulikubaliana asiweke hata shilingi mpaka msimu uishe. Si adhabu: mtu mwenye pesa mezani hulisoma jedwali lake kwa macho ya mwenye pesa.

Tukaingiza matokeo ya msimu wenyewe, yakahesabiwa mara mbili ya yale ya zamani, na wastani wa nyumbani na ugenini ukachukuliwa kwenye msimu huo peke yake. Hapo ndipo picha ilipobadilika. Msimu wa 2018/19 timu za nyumbani zilishinda mechi 181 na wageni 128. Msimu wa 2020/21 ulipoisha tarehe 23 Mei, nyumbani walikuwa wameshinda 144 na wageni 153. Mabao yalikuwa 514 kwa 510, karibu sawa kabisa. Faida ya nyumbani, ambayo M. aliijengea kila seli, ilikuwa imekwenda na mashabiki.

Tukaongeza safu ya odi. Odi ni bei, na ndani ya bei mna faida ya muuzaji. Chukua mechi yenye odi 2.10 nyumbani, 3.30 sare, 3.40 ugenini. Gawanya 1 kwa kila moja: 47.6, 30.3, 29.4. Jumla ni 107.3, wakati uwezekano wote hauzidi 100. Ile 7.3 ni ya kampuni. Kwenye mkeka wa mechi tano faida hiyo huzidishwa mara tano juu ya yenyewe: 1.073 kwa nguvu ya tano ni 1.42. Mchezaji asiyejua zaidi ya kampuni anatarajia kurudishiwa kama 70 kwa kila 100 anazoweka. M. alijenga mikeka kwa sababu inalipa. Inalipa kampuni kwanza.

Mwisho tukaweka ukurasa wa kumbukumbu, ujazwe kabla mpira haujaanza. Kupima tulitumia kipimo cha Brier, kilichoanza 1950 kwa kupima watabiri wa hali ya hewa: unachukua tofauti kati ya uwezekano uliotoa na kilichotokea, unaipiga mraba, unajumlisha. Ndogo ndiyo nzuri. Mtu asiyejua chochote, anayetoa theluthi kwa kila upande, hupata 0.667.

M. alitaka pia tuweke marekebisho ya watakwimu Dixon na Coles ya 1997, yanayorekebisha matokeo madogo kama 0–0 na 1–1 ambayo kanuni ya kawaida huyakosea. Ni kazi nzuri na naiheshimu. Nilimkatalia kwa wakati ule, kwa sababu niliona chumba cha saba kinarudi.

## Matokeo

Alirekodi mechi 112 kati ya Februari na Mei. Jedwali jipya lilipata 0.63. Odi za kampuni, baada ya kuondoa faida yao, zilipata 0.60. Lilimshinda asiyejua kitu, likashindwa na muuzaji.

Mechi ambazo jedwali lilisema bei ni nzuri, yaani uwezekano ukizidishwa na odi unapita 1, zilikuwa 31. Kama angeweka 5,000 kwa kila moja, 155,000, angerudishiwa 139,000. Mechi 31 ni chache mno kuamua jambo, huenda ni bahati tu, nami sizitumii kama ushahidi. Ile 0.63 kwa 0.60 ndiyo ninayoitegemea.

Mwezi Juni M. alifunga akaunti. Habari ya chama alikuwa amemweleza mama watoto wiki ile ile ya Januari, na mweka hazina akakubali alipe kwa awamu mbili. Hilo lilikuwa gumu kwake kuliko hesabu zote, na nataka lijulikane kwamba alilifanya mwenyewe, bila kusukumwa.

## Uchambuzi

Hesabu za jedwali la kwanza zilikuwa sahihi. Nilizikagua mstari kwa mstari na sikupata kosa la fomula hata moja. Kilichoharibika ni swali. M. alilijenga lijibu "nani atashinda?", na swali la mwenye kununua ni "bei hii inanifaa?" Timu inaweza kushinda mara 86 katika 100 na bei yake ikawa mbaya. Mwenzake wa forodha asingelipia ushuru kwa kutazama rangi ya kontena. Kwenye mpira hakuwa na mtu wa kumwambia kwamba kijani si bei.

Kosa la kutosasisha ni la pili, na lina mzizi mmoja na la kwanza. Bila ukurasa wa kumbukumbu, jedwali halikuwa na njia ya kumwambia kwamba limezeeka. Angekuwa anaandika utabiri na tokeo, kufikia Novemba angeona timu za nyumbani zinashindwa kuliko anavyotarajia, wiki baada ya wiki, hata kama hajui sababu.

Kwa nini kampuni ilikuwa karibu na ukweli kuliko yeye? Bei yao inabeba kilichotokea asubuhi hiyo: nani kaumia, nani kapumzishwa. Pia inabeba pesa za maelfu ya watu wanaobeti upande huu na ule, na kila mmoja wao anaisogeza kidogo. Jedwali la mabao linajua mabao tu.

Sehemu yangu ni hii. Nilimfundisha kanuni ya Poisson jioni moja, nikaifurahia pamoja naye, na sikumfundisha kuzidisha uwezekano wa mechi nne. Ni hesabu ya dakika mbili. Sasa naifundisha kwanza, kabla ya fomula yoyote, na mfano ninaoutumia ni ule wa asilimia 24.

Kilichofaulu ni kile alichodharau, kazi ya kuandika mistari 760 kwa mkono. Iliyafanya matokeo yakae kichwani mwake, na tulipojenga upya ilichukua siku mbili tu. Jedwali bado analo. Msimu wa 2023/24, uliomalizika na mabao 1,246, wastani wa 3.28 kwa mechi, alinitumia picha ya ukurasa wa kumbukumbu mwezi Novemba. Mabao yaliyofungwa yalikuwa yamezidi aliyotarajia katika raundi 9 kati ya 11, naye alikuwa akitafuta sababu. Safu ya dau alikuwa ameifuta, na mahali pake ameandika dakika za nyongeza za kila mechi.